Jinsi ya Kuanza Goju-ryu: Miguu Kwanza, Pumzi Pili, Ngumi Baadaye

Anayekuja Goju-ryu, mtindo wa karate uliotoka Okinawa, Japani, kwa ajili ya mateke ya kuruka atangoja sana. Siku ya kwanza atafundishwa kusimama. Siku ya pili atasimama tena, safari hii akivuta pumzi. Najua jambo hilo huwachosha wengi, hasa vijana, na wapo wanaoacha hapohapo. Lakini mtindo huu wote umejengwa juu ya kata (mfululizo wa miondoko iliyopangwa) moja fupi iitwayo Sanchin, na Sanchin ni miguu na pumzi. Asiyeishika hiyo, kata nyingine zote atakazojifunza zitabaki kuwa maonyesho ya mikono tu.

Nafundisha Goju-ryu, watu wazima na watoto. Mwongozo huu ni majibu ya maswali ninayoulizwa na wanaoanza, na zaidi ni yale ninayotamani wangeuliza.

Mtindo umetoka wapi

Ukiingia nyumba ya watu, ujue ni ya nani. Okinawa leo ni mkoa wa Japani, lakini mpaka mwaka 1879 ilikuwa ufalme wa Ryukyu, mfalme akikaa Shuri na bandari ikiwa Naha. Kwa karne nyingi ufalme ule ulifanya biashara na China. Pale Naha palikuwa na mtaa wa Kume uliokaliwa na koo zenye asili ya Kichina, na vyombo vilikwenda na kurudi Fuzhou, katika jimbo la Fujian. Bidhaa zilipita njia hiyo, na sanaa ya kupigana ikapita njia hiyohiyo.

Aliyeileta hii yetu ni Higaonna Kanryo, mzaliwa wa Naha, mwaka 1853. Akiwa kijana alivuka bahari mpaka Fuzhou, akakaa miaka mingi chini ya mwalimu ambaye Waokinawa humtaja kwa jina la Ryu Ryu Ko. Alirudi na Sanchin pamoja na kata nyingine, akaanza kufundisha watu wachache mjini kwao. Mmoja wao alikuwa Miyagi Chojun, mtoto wa familia yenye uwezo, aliyezaliwa 1888. Alianza kujifunza kwa mzee huyo mwaka 1902, akiwa na miaka 14. Ukiacha muda aliotumikia jeshi, hakumwacha mwalimu wake mpaka mzee alipofariki. Mwingine aliyepita katika mikono ya Higaonna ni Mabuni Kenwa, ambaye baadaye aliasisi mtindo mwingine wa karate, Shito-ryu.

Jina lilikuja kwa kuchelewa. Mwaka 1930 mwanafunzi mkubwa wa Miyagi, Shinzato Jin'an, alionyesha karate mjini Tokyo, akaulizwa mtindo wake unaitwaje. Okinawa hawakuwa na desturi ya kutoa majina ya mitindo; watu walisema tu kwamba huyu anacheza ya Naha, yule ya Shuri, yule ya Tomari. Habari hiyo ilipomfikia Miyagi aliamua kuipa sanaa yake jina, akalichukua kutoka mstari mmoja wa Bubishi, maandishi ya Kichina ambayo walimu wa Okinawa walikuwa wakiyanakili kwa mkono. Mstari huo unasema kwamba njia huvuta na kutoa pumzi, ngumu (go) na laini (ju). Mwaka 1933 jina la Goju-ryu likaandikishwa rasmi kwenye chama cha Dai Nippon Butoku Kai, Kyoto.

Kisha vita vikafika Okinawa, 1945. Shinzato, ambaye wengi walimwona kuwa ndiye mrithi, aliuawa. Miyagi alipoteza wanawe vilevile. Hata hivyo alirudi kufundisha, uani kwa nyumba yake mjini Naha, akaendelea mpaka alipofariki mwaka 1953. Wanafunzi wake ndio walioufungua mtindo kwa dunia: Miyazato Ei'ichi kwa dojo yake, yaani ukumbi wa mazoezi, ya Jundokan, Yagi Meitoku na Meibukan, Toguchi Seikichi na Shoreikan, na Yamaguchi Gogen aliyeueneza Japani bara. Kwa hiyo ukikuta dojo mbili za Goju-ryu zinacheza kata ileile kwa tofauti ndogo, usishangae wala usibishane. Kila moja imepokea kwa mkono wake. Wewe fuata ya kwenu.

Kumtafuta mwalimu

Omba kukaa pembeni uangalie darasa zima, mwanzo mpaka mwisho. Mwalimu anayekataa kutazamwa, muage kwa heshima uondoke. Ukiwa umekaa pale, acha kuangalia nani anapiga kwa nguvu. Angalia kama mwalimu anainama kurekebisha miguu ya mwanafunzi mmoja mmoja. Angalia wakubwa wa dojo wanawafanyia nini wadogo: wanawasaidia, au wanajipatia mazoezi juu ya miili yao? Angalia mtu mwenye goti bovu anaambiwa nini. Na usiondoke kabla hujaona kama Sanchin inachezwa. Dojo ya Goju-ryu isiyocheza Sanchin mara kwa mara ina upungufu, haijalishi ina vikombe vingapi kabatini.

Muulize pia alijifunza kwa nani. Hilo si swali la ukosefu wa adabu kwetu. Mwalimu wa Goju-ryu aliyefundishwa vizuri atakutajia mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake, mpaka afike kwa Miyagi, na atakutajia kwa furaha.

Ukiahidiwa mkanda mweusi kwa muda maalumu, toka. Ngazi za mikanda zenyewe zilitoka kwenye judo ya Kano Jigoro, karate ikaziazima. Miyagi, mpaka anafariki, hakumpa mwanafunzi wake yeyote daraja la mkanda mweusi. Mikanda si mibaya, watoto huwasaidia kuona wanasonga, lakini ikigeuka bidhaa basi kinachouzwa si karate tena.

Adabu ya dojo

Viatu mlangoni. Kucha fupi, za mikono na za miguu, maana ukucha mrefu unamkata mwenzako na si wewe. Pete, saa, mkufu, vyote viwekwe. Sare nyeupe iwe imefuliwa. Kuwa kuukuu hakuna ubaya, kuwa chafu ni kumkosea unayeshikana naye. Mkanda ufungwe ncha zake mbili zilingane.

Unapoingia, inama kidogo kuelekea mbele ya chumba. Darasa likianza mnapanga mstari kwa daraja, mnapiga magoti na kukalia visigino, mnafumba macho kimya kwa muda mfupi, kisha mnainama: kuelekea mbele, kwa mwalimu, na ninyi kwa ninyi. Kabla ya mazoezi utasikia "onegaishimasu", yaani naomba unifundishe, na mwisho "arigato gozaimashita", ahsante kwa ulichonipa. Maneno hayo mawili husemwa na kila mtu kwa kila mtu, hata mwalimu kwa mtoto mgeni. Ukichelewa, piga magoti karibu na mlango usubiri kuitwa. Darasa likiisha, sakafu hupigwa deki, na mwenye mkanda mweusi anashika tambara kama wengine.

Huwa naulizwa na watu wa dini kuhusu kuinama: je, ni ibada? Kwa desturi ya Japani ni salamu na shukrani, wanainamiana hata njiani. Lakini dhamiri ya mtu ni yake. Kama kuinama mpaka sakafuni kunakusumbua moyo, mweleze mwalimu kabla ya darasa, ana kwa ana. Mwalimu mwenye busara atakubaliana nawe namna ya kuonyesha heshima ileile. Kibaya ni kukaa kimya, halafu ukaacha mazoezi bila kuaga.

Kupasha mwili moto

Mazoezi yetu ya maandalizi huitwa junbi undo, na Miyagi aliyapanga kwa makusudi. Huanzia chini: vidole vya miguu, kuviinua na kuvikandamiza sakafuni kimoja kimoja, kisha kifundo cha mguu, goti, nyonga, kiuno, mgongo, mabega, viganja, shingo. Mgeni huona kuzungusha vidole vya miguu ni kupoteza muda. Subiri afike kwenye Sanchin, aambiwe aishike sakafu kwa vidole hivyohivyo, ndipo aone jinsi vilivyolala.

Usiruke hatua hizi kwa sababu umechelewa. Afadhali ufupishe ngumi.

Kusimama

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoharibu.

Simama miguu ikiwa na upana wa mabega. Peleka mguu wa kulia mbele, lakini usiupeleke kwa mstari ulionyooka: uvute uje karibu na mguu wa kushoto, kisha uteleze kwenda mbele na nje, kama mwezi mwandamo. Unyayo upite karibu sana na sakafu bila kuinuka. Unapofika, angalia chini mara moja tu. Kisigino cha mguu wa mbele kiwe sambamba na ncha za vidole vya mguu wa nyuma. Basi, ni hatua fupi hivyo. Wanaoanza wote hunyoosha hatua ndefu, kwa sababu wameona mitindo mingine ikisimama kwa mapana. Sanchin ni msimamo wa mtu aliye karibu na adui, wa kushikana.

Mguu wa mbele geuza vidole ndani kidogo. Wa nyuma uelekee mbele. Magoti yakunje kiasi, uzito ugawe sawa kwa miguu yote miwili. Sasa kiuno: vuta mkia wa mgongo uingie chini, kama unayetaka kuubetua mfupa wa nyonga kuelekea kitovuni. Mgongo wa chini utanyooka. Ukibinua makalio nyuma, pumzi haitashuka na mgongo utaanza kukuuma baada ya wiki chache.

Kisha vidole vya miguu vishike sakafu, mapaja yakaze kuelekeana kwa ndani. Mabega yashuke. Si kuyabana, ni kuyashusha, misuli iliyo chini ya kwapa ikivuta kwenda chini. Kidevu ndani, macho mbele, mbali. Mtu akikusukuma kifuani hapo, nguvu yake ishuke kupitia nyonga mpaka kwenye visigino, usirudi nyuma. Muombe mwenzako akusukume taratibu. Kama unaanguka, usikaze zaidi. Rudi kwenye kiuno, mara nyingi tatizo liko hapo.

Pumzi

Vuta kwa pua, toa kwa mdomo. Peleka pumzi chini ya kitovu, mahali panapoitwa tanden. Weka kiganja hapo uone: ukivuta, tumbo la chini lijae, ukitoa, likaze bila kuingia ndani kabisa. Kifua na mabega visipande. Mtu mwenye hofu hupumua kwa mabega, na hili ni mojawapo ya mambo ambayo Sanchin inakuja kuyafuta.

Kasi ya mkono na kasi ya pumzi viende pamoja. Ngumi inaporudi ubavuni, pumzi inaingia. Ngumi inapokwenda, pumzi inatoka, na vyote viwili vifike mwisho kwa wakati mmoja. Mwishoni sukuma hewa kidogo iliyobaki, kwa ufupi, kutoka tumboni.

Nisikilize hapa vizuri. Usizibe koo. Sauti ile nzito ya Sanchin hutokana na hewa inayotoka tumboni kupitia koo lililo wazi. Anayeikwaruza kooni ili asikike, anaumiza koo lake. Anayezuia pumzi huku misuli yote imekazwa, anapandisha shinikizo la damu kwa ghafla. Ukiona uso wa mtu umeiva na mishipa ya shingo imetutumka, mwambie apumzike. Mwenye shinikizo la damu, mwenye maradhi ya moyo na mjamzito wazungumze na daktari kwanza, na wakiruhusiwa wacheze kwa ulaini kabisa: miguu ileile, mikono ileile, pumzi ndefu ya kawaida. Hata mzima wa afya, miezi ya mwanzo nampa Sanchin laini. Ugumu utaongezwa taratibu.

Kucheza Sanchin yenyewe

Inapokuja kwenye mpangilio, kata hii ni fupi kuliko zote. Zipo namna mbili zinazofundishwa: ile inayohusishwa na Higaonna, yenye kugeuka, na ile ya Miyagi, isiyogeuka, unakwenda mbele kisha unarudi kinyumenyume. Naeleza hii ya pili.

Unainama, unafungua miguu, unapiga hatua ya kulia ile ya mwezi mwandamo. Mikono miwili inapanda pamoja, inapishana mbele ya kifua, inafunguka na kuwa kinga mbili: ngumi kwenye usawa wa mabega, viwiko vikiwa umbali wa ngumi moja kutoka kwenye mbavu. Hapo tulia. Usiharakishe kutoka.

Ngumi ya kushoto inarudi ubavuni polepole, juu, karibu na kwapa, pumzi ikiingia. Inakwenda mbele polepole, kiwiko kikisugua mbavu, pumzi ikitoka. Inafika mbele ya kifua, haivuki. Kisha mkono huohuo unarudi kuwa kinga. Mguu wa kushoto unapita mbele. Sasa zamu ya kulia: vuta, piga, kinga. Hatua tena. Baada ya hatua za mbele kwisha, ngumi zinaendelea papo hapo bila hatua. Kisha mikono inafunguka, inashika na kuvuta kwa pamoja, mara tatu. Mwisho unarudi nyuma kwa mikono inayozunguka, mmoja juu mmoja chini, na kusukuma kwa viganja viwili. Mara mbili. Umemaliza.

Ukiisoma hivi unaweza kudhani utaijua kwa jioni moja, na kweli mpangilio utaujua. Kinachobaki ni kazi. Kila unapopiga ngumi, kitu kingine mwilini kitasahau kazi yake. Ukishughulika na mkono, kiuno kitalegea. Ukikumbuka kiuno, mabega yatapanda. Ukishusha mabega, utakuta umeacha kupumua. Ushauri wangu ni huu: chagua kitu kimoja kwa kila mara unapoicheza. Leo vidole vya miguu tu, mambo mengine yaende yaendavyo. Kesho mabega. Usijaribu kuvishika vyote kwa pamoja. Mwili haufundishiki namna hiyo.

Kupimwa na mwalimu

Ukishaizoea, mwalimu ataanza kukupima wakati unacheza. Kitendo hiki kinaitwa shime. Anasimama nyuma yako, anaweka viganja juu ya mabega akiyakandamiza kuona kama yamepanda. Anabonyeza misuli iliyo chini ya kwapa. Anagonga mapaja kwa pande mbili kuona kama yamekaza. Anaweka kiganja mbele ya ngumi yako uisukume. Baadaye sana, kwa aliyekomaa, anapiga mabega kwa viganja vya wazi, na mlio unasikika chumba kizima.

Mkono wa mwalimu pale ni jicho lake. Unatafuta mahali palipolala ili upaamshe, kwa hiyo hupiga kwa kipimo cha mwanafunzi anayepigwa. Mwanafunzi mpya akitoka na alama mwilini, hakupimwa, amepigwa. Kwa watoto naweka mkono tu, sipigi. Na hakuna mwanafunzi, mwanamke au mwanamume, anayelazimika kuguswa mahali asipotaka; mwalimu ana mdomo, anaweza kumwelekeza kwa maneno.

Jiwe lenye mpini

Goju-ryu ina vifaa vyake vya kujenga nguvu, na ninavipenda kuliko mashine yoyote ya chumba cha mazoezi, kwa sababu vinafundisha kiganja na kiuno kufanya kazi pamoja. Kuna mitungi ya kushikwa ukingoni kwa ncha za vidole, nigiri game, unatembea nayo kwa hatua za Sanchin na kuiongezea mchanga kadiri unavyopata nguvu. Kuna makiwara, nguzo iliyosimikwa ardhini na kuzungushiwa majani ya mpunga, ya kupiga ngumi. Lazima ipinde kidogo ikipigwa, isiyopinda inavunja mkono. Kuna kongoken, pete ndefu ya chuma nzito, ambayo Miyagi aliipata alipokwenda Hawaii mwaka 1934. Lakini ukitaka kimoja tu cha kuanzia, kiwe chi ishi, jiwe lenye mpini.

Unaweza kujitengenezea. Tafuta mpini wa mti mgumu, wenye unene unaojaza kiganja, urefu kama wa kutoka kiwiko chako mpaka ncha za vidole. Pigilia misumari kadhaa upande mmoja, imetokeza nje pande zote, ili zege lishike lisichomoke. Simamisha mpini katikati ya kopo, mimina zege, lifunike kwa kitambaa chenye unyevu siku kadhaa likauke polepole. Anza na uzito wa kilo 2 au 3. Utauona mdogo mpaka ushike mpini kwa mwisho wake.

Kabla ya kila zoezi, kagua. Ukisikia jiwe linacheza kwenye mpini, liweke chini, lisitumike tena mpaka litengenezwe. Hakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma yako.

Simama miguu mipana, magoti yamekunjwa, mgongo wima. Inua jiwe likiwa limesimama juu ya ngumi, mkono umenyooka mbele. Kunja kiwiko, lipeleke jiwe nyuma ya bega, lizunguke nyuma ya kichwa, lirudi mbele, lisimame tena wima juu ya ngumi. Lisimame kabisa, bila kutikisika. Kusimamisha ndiko kunakojenga kiganja, na wengi wanaliacha lijiendee kwa uzito wake. Pumzi ni ileile ya Sanchin: linapozunguka unavuta, linaposimama unatoa. Marudio machache kila mkono yanatosha, na mkono dhaifu ndio uanze. Watoto wasipewe mawe wala makiwara. Mifupa yao bado inakua, uzito wa miili yao unawatosha.

Baada ya hapo

Ulaini unaingia kwa kakie. Watu wawili wanasimama wakitazamana, kifundo cha mkono kwa kifundo cha mkono, mmoja anasukuma, mwingine anapokea, anageuza, anarudisha. Hapa utajua kama Sanchin yako ni ya kweli. Aliyejikaza tu anasukumwa kama mlango, aliyelegea tu anaangushwa. Anza polepole, macho kwa mwenzako, na usitafute kushinda. Tafuta kuhisi nguvu yake inakwenda wapi kabla haijafika.

Kata za kuanzia ni Gekisai mbili. Miyagi alizitunga mwaka 1940 ili vijana wengi zaidi waweze kuanza, na zina mapigo ya wazi yanayoeleweka haraka. Kisha huja Saifa, halafu Seiyunchin, kata ndefu isiyo na teke hata moja, ambayo mapaja yatailalamikia. Nyuma yake zipo Shisochin, Sanseru, Sepai, Kururunfa, Sesan, na Suparinpei, ndefu kuliko zote. Tensho, ambayo Miyagi aliitunga kwa viganja vilivyo wazi, ni mwenzake Sanchin upande wa ulaini. Mimi nampa mwanafunzi pale Sanchin yake inapoanza kuwa nzito kupita kiasi.

Wazee wa Okinawa walimpa mtu Sanchin na kata moja au mbili zilizoufaa mwili wake, akae nazo maisha. Leo tunafundisha zote, sawa. Lakini kila hatua ya kata uulize inafanya nini: huu mkono unashika nini, mguu huu umepita nyuma ya mguu wa nani. Kata za Goju-ryu zimejaa kushika, kuvunja mizani na kuangusha, na asiyeuliza atadhani zote ni kinga na ngumi.

Kupambana huru, kumite, kusubiri. Ukifika huko, anayezuia pigo lake sentimita moja kabla ya uso wa mwenzake ana uwezo mkubwa kuliko anayelifikisha. Miyagi anatajwa kuwa aliwafundisha watu wake wasipigwe na mtu, wasimpige mtu, na msingi wa yote uwe kuepusha shari. Nalichukua neno hilo kama lilivyo. Mwanafunzi wangu akija kunisimulia kwamba aligombana njiani akashinda, simpongezi. Namuuliza alikuwa anapita wapi, saa ngapi, na kwa nini hakuondoka. Aliyetukanwa akaenda zake, huyo namuita mbele na kuwaeleza wenzake. Dojo nyingi za Okinawa zina maagizo yanayosomwa kwa sauti mwisho wa darasa: unyenyekevu, kufanya mazoezi kwa kadiri ya nguvu zako, kutunza afya, kuishi maisha ya kawaida, kutojivuna. Mgeni husikia maagizo ya ngumi na mateke hayamo kabisa. Asome tena lile la kufanya mazoezi kwa kadiri ya nguvu zako. Linawahusu wavivu, na linawahusu zaidi wenye pupa.

Kwa siku usizokwenda dojo, fanya hivi: maandalizi kuanzia vidole vya miguu, Sanchin tatu, ya kwanza laini, ya pili ngumu kiasi, ya tatu laini tena, chi ishi marudio machache kila mkono, kata unayojifunza, mara moja polepole na mara moja kwa kasi yake. Ukiwa na homa, acha jiwe na acha Sanchin ngumu, kaa tu uvute pumzi. Ukiwa na maumivu ya goti, punguza kukunja na mwambie mwalimu siku inayofuata, kabla hamjapanga mstari.